Kwa Nini Vijana Wanaliacha Kanisa: Hali ya Kilwa na Pwani ya Lindi

(Mada iliyotolewa mbele ya wazee wa kanisa na viongozi wa vijana)



Utangulizi

Kanisa linapotimiza miaka mia hupenda kuhesabu waliobatizwa, waliopata kipaimara na waliofunga ndoa. Vitabu vya usharika vinazo hesabu hizo. Hesabu isiyopatikana humo ni ya vijana walioondoka. Mada hii inaitazama hesabu hiyo katika Kilwa na pwani ya Lindi, na hoja yake ni moja: vijana wengi hawakulikataa kanisa, bali waliondoka bila kusindikizwa, wakafika waendako bila kupokelewa.

Asili ya washarika wa pwani

Pwani hii ni ya Waislamu tangu kale. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa katika karne ya 11. Ukristo ulipofika kusini, misheni zilijikita zaidi bara: Waanglikana Masasi mwaka 1876, Wabenedikto Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906. Walutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887, lakini nguvu yao ilikua hasa Kilimanjaro, Usambara, Bukoba na nyanda za juu za kusini. Ndiyo maana wengi wa Walutheri wanaoabudu Kilwa Masoko au Lindi mjini walifika kwa ajili ya kazi: walimu, wauguzi, askari, mabwana shamba na wafanyabiashara. Walichanga, wakajenga, wakaanzisha kwaya, wakalea watoto. Kisha barua ya uhamisho ikaja, nao wakaondoka.

Mtoto wa familia ya namna hiyo hukua bila kuwa na usharika anaoweza kuuita kwao. Jirani yake Mwislamu akirudi Kilwa Kivinje siku ya Idi, humkuta babu yake katika msikiti ule ule. Kijana wa Kilutheri akirudi wakati wa Krismasi, huenda akakuta nyumba waliyokaa wazazi wake ina mtumishi mwingine.

Safari ya kaskazini

Vijana wa mkoa huu wamekuwa wakisafiri kwa muda mrefu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 864,652 katika Mkoa wa Lindi. Ongezeko lilikuwa asilimia 0.9 tu kwa mwaka, wakati la taifa zima lilikuwa asilimia 2.7. Hata neno machinga, linalotumika nchi nzima kwa wafanyabiashara wadogo wa mitaani, ni jina la kabila la pwani hii. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari iliyokuwa ikisubiri pantoni kwenye Mto Rufiji ikawa nyepesi, na mabasi yakaendelea kuwapeleka vijana Dar es Salaam.

Huko Kariakoo, Jumapili ni siku ya kutafuta riziki. Kijana akifika katika usharika mkubwa huulizwa barua ya utambulisho, naye hana. Hupewa bahasha ya ahadi kabla ya kuulizwa anaishi wapi. Jioni moja rafiki humwalika kwenye kikundi cha maombi cha Wapentekoste. Hapo huulizwa jina, na asipoonekana kwa siku mbili hupigiwa simu. Wazee husema ameliacha kanisa. Yeye husema amepata watu wanaomjua.

Waliopotea nyumbani

Hata hivyo, si wote waliopotelea njiani. Katika Injili ya Luka, sura ya 15, kondoo alipotea nje, lakini sarafu ilipotea ndani ya nyumba. Kijana husoma mafundisho ya kipaimara, husimama mbele ya usharika akiwa amevaa nguo nyeupe, hupigwa picha, na Jumapili inayofuata hana kazi wala nafasi. Siku hiyo imegeuka kuwa mahafali. Isipokuwa kwaya, huitwa kupanga viti kwa ajili ya mikutano ambayo haimsikilizi.

Liko pia jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, huvuliwa sare ya kwaya na kutengwa na Meza ya Bwana hadi atakapotubu na kurudi kundini mbele ya wote. Mara nyingi kijana aliyeshiriki naye huendelea kuimba. Binti huyo haondoki kwa sababu ya kukosa imani. Anaiona mizani ya kanisa, naye anajua kwamba haikupima sawa.

Nini kifanyike

Kwanza, kila kijana anayesafiri aombewe mbele ya usharika na apewe barua, naye mchungaji wa mahali aendako apigiwe simu kabla hajafika. Pili, uwepo ukurasa wa walioondoka katika kitabu cha usharika, na mzee mmoja awajibike kuufuatilia. Tatu, sharika za mjini ziweke ibada ya jioni kwa wasioweza kufika asubuhi. Nne, vijana wawe na viti katika baraza la wazee, na sauti yao ihesabiwe katika maamuzi. Tano, nidhamu ya kanisa iwahusu wote wawili, na toba isikilizwe kwa faragha ya kichungaji.

Hitimisho

Wengi wa wazee wanaohuzunika leo walishuka pwani hii wakiwa vijana, mikononi wakiwa na barua ya ajira, pasipo kumjua mtu. Walibaki katika kanisa kwa sababu palikuwa na nyumba iliyowapokea Jumapili ya kwanza. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Usharika ulioanzishwa na wageni una deni kwa kila kijana anayefika mahali pasipo na ndugu, na deni hilo hulipwa kwanza kwa kulijua jina lake.