Usaili wa Walimu: Tujiandae Huku Tunadai

Leo nasema na nyinyi mliosomea ualimu wa Kiingereza, mnaosubiri usaili wa Sekretarieti ya Ajira.

Kwanza, makaratasi. Beba vyeti halisi na kitambulisho. Taarifa ya matokeo haipokelewi. Kama majina yanapishana kwenye vyeti, shughulikia sasa, siyo wiki ya usaili.

Pili, usiishie kukariri sarufi. Jiulize: mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, leo yuko kidato cha kwanza, Fizikia kwa Kiingereza, Jiografia kwa Kiingereza. Utamuanzia wapi? Andaa azimio la kazi na andalio la somo kwa mkono wako. Simama mbele ya wenzako watatu, fundisha dakika kumi, wakukosoe bila huruma. Mtihani wa maandishi ni mchujo tu. Ukipita kuna mahojiano, na hapo wengi Kiingereza wanacho kichwani ila mdomo unakuwa mzito.

Tatu, tusinyamaze. Tangazo huwa linasema msailiwa ajigharamie nauli, chakula na malazi. Jamani, mtu anatafuta kazi kwa sababu hana hela! Hilo tulidai bungeni na mtaani: serikali ibebe gharama.

Lakini tusisubiri. Kila tawi lianzishe kikundi cha kujisomea, na mtu asiulizwe kadi ya chama mlangoni. Mtoto wa kidato cha kwanza naye hatauliza.