Mlango wa Kutokea: Moto Katika Nyumba ya Wapangaji

Somo letu la leo ni habari ya moto katika nyumba wanamokaa watu wengi. Ninyi mliokusanyika Mkula, mkoani Simiyu, huenda mkasema, "Sisi hatukai katika majumba ya ghorofa." Ngojeni kwanza msikie.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, moto uliwaka katika jumba la ghorofa tano mjini Johannesburg, Afrika Kusini. Jumba hilo liliitwa Usindiso. Watu 76 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo Watanzania waliokwenda huko kutafuta riziki. Jumba lilikuwa mali ya halmashauri ya jiji, lakini liliachwa bila kutunzwa, likajaa watu wasio na pa kukaa. Ndani waligawa vyumba kwa mbao, maboksi na mapazia. Vifaa vya kuzimia moto vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Tena palikuwa na mageti ya chuma yaliyofungwa. Watu walifika mlangoni wasiweze kutoka. Wengine waliruka madirishani, na wengine waliwarusha watoto wao ili walio chini wawadake.

Kulipokucha, waliookoka walikaa barabarani bila nguo wala karatasi zao. Ndugu walipanga mstari kwenye nyumba ya maiti huko Soweto, na miili mingi haikutambulikana. Watu waliozoea kukopeshana chumvi walitawanyika, kila mmoja upande wake. Mwaka 2024, tume ya Jaji Sisi Khampepe ilitoa taarifa kwamba jiji lilikuwa na makosa kwa kutolitunza jumba lake.

Wala msidhani ni mambo ya ugenini tu. Mwaka 1994, huko Shauritanga, wilaya ya Rombo, moto uliteketeza bweni la shule, wakafa wasichana zaidi ya 40.

Sasa tazameni nyumba zetu za kupanga. Vyumba sita au vinane viko chini ya bati moja. Mara nyingi ukuta wa kati haufiki juu, kwa hiyo moshi wa chumba cha kwanza hupita juu ya ukuta hata chumba cha mwisho. Na moshi huua kabla ya moto, kwa kuwa ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Madirisha yana nondo kwa kuogopa wezi. Geti ni moja, lina kufuli, na ufunguo uko chini ya mto wa mtu mmoja. Je, akiwa safarini?

Basi, yatupasa kufanya haya. Kwanza, ufunguo wa geti uwe na mahali panapojulikana na kila mpangaji, hata mtoto. Pili, dirisha moja la kila chumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Tatu, dumu la petroli lisilale chumbani. Nne, moshi ukijaa, tambaa chini, maana hewa safi iko karibu na sakafu. Ukitoka, funga mlango nyuma yako, upige kelele, uwagongee majirani. Usirudi kuchukua sanduku. Simu ya Zimamoto ni 114, lakini gari huenda likawa mbali, na dakika za kwanza ni zenu wenyewe.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Jirani huja na ndoo moto ukiwaka, na hilo ni jema. Lakini jirani mwema zaidi ni yule aliyeuliza habari ya ufunguo mapema, hata akaonekana msumbufu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ufunguo wa geti lenu uko wapi usiku huu?
2. Katika nyumba yenu, ni nani asiyeweza kutoka peke yake, na nani atamtoa?
3. Ni nani atakayezungumza na mwenye nyumba kuhusu nondo?