Kengele ya Moshi Ikilia Kama Kifaranga
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya kile kifaa kidogo cheupe cha mviringo ambacho siku hizi mnakiona kwenye dari za mabweni, hosteli na nyumba nyingine za kupangisha. Ni kengele ya moshi. Kuna vikundi vyenye nyumba za kukodisha, na wengi wetu tuna watoto wanaolala shuleni. Kwa hivyo jambo hili ni letu.

Kazi yake ni moja tu: kutambua moshi na kutuamsha. Mtu akilala, pua nayo inalala, na moshi wenyewe humlevya azidi kulala. Sikio ndilo linaloweza kuitwa. Tukumbuke Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa. Tukumbuke Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: watoto 21. Mioto yote miwili ilitokea usiku.

Sasa sikilizeni vizuri. Kengele hii ina sauti mbili. Ikipiga kelele kubwa tena na tena, imeona moshi. Tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Lakini ikilia "twi!" mara moja, ikanyamaza kwa muda kama dakika moja, halafu "twi!" tena, hiyo kwa kawaida ni njaa. Betri inaisha. Mara nyingi huanza usiku wa manane, kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri iliyochoka. Jua likipanda inanyamaza, nasi tunasema imepona. Haijapona.

Watu hufanya nini? Mtu anapanda kiti, anaitoa betri, analala. Eti atanunua nyingine kesho. Kesho inakuwa mwezi, mwezi unakuwa mwaka. Kengele bado iko pale juu na mgeni anadhani inalinda, kumbe ni mbwa aliyefungwa mdomo.

Basi fanyeni hivi:

1. Tafuteni ni ipi inayolia. Zikiwa nyingi, simameni chini ya kila moja kwa dakika moja au mbili.

2. Tumieni ngazi au meza imara, na mtu mwingine aishike. Kama kengele imeunganishwa na stima, zimeni swichi kubwa kwanza. Msipokuwa na hakika na nyaya, iteni fundi wa stima.

3. Izungusheni kuelekea kushoto mpaka iachie. Nyingine zina kifuniko kidogo cha betri tu.

4. Toeni betri ya zamani. Bonyezeni kitufe cha kujaribia kwa sekunde 15 hivi, ili nguvu iliyobaki ndani iishe. Panguseni vumbi na utando wa buibui kwa kitambaa kikavu. Msitumie maji.

5. Wekeni betri mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kengele. Nyingi hutumia ile ya mraba ya volti 9. Alama ya kujumlisha ikae kwa kujumlisha. Msiweke betri ya kuchaji.

6. Irudisheni mahali pake na mbonyeze kitufe. Ni lazima ipige kelele. Isipopiga, kazi haijaisha.

Je, ikiwa bado inalia "twi"? Angalieni tarehe iliyoandikwa nyuma. Kengele ikifikisha miaka 10 imezeeka, nunueni nyingine. Kuna zile ambazo betri imefungiwa ndani kabisa. Hizo hubadilishwa zima zima. Msiipasue wala kuichoma, kwa maana aina nyingine zina chembe ndogo ya kitu chenye mnururisho. Na watoto wasiichezee.

Kuna swali linaloulizwa sana: tuiweke jikoni? Hapana. Kwenye jiko la kuni italia kila mama akiwasha moto, na mwishowe mtaitoa. Iwekeni darini mahali pa kulala, au kwenye njia ya kuelekea huko.

Neno moja zito. Kengele ya moshi haitambui ile hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko la makaa. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na inaua. Kwa hivyo jiko la makaa lisilale ndani na watu, hata kama kengele iko na ina betri mpya.

Kikundi kinaweza kufanya nini? Chagueni mtu mmoja wa kujaribu kengele kila mwezi, siku ile ile ya mkutano. Aandike tarehe kwenye daftari. Mweka hazina atenge pesa za betri moja ya akiba, iwepo kabla ya kuhitajika.

Halafu, mkienda mkutano wa wazazi shuleni, ombeni kuona bweni. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Kule Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Kengele humwamsha mtoto, lakini ni mlango unaomtoa. Ulizeni yote mawili, na msione haya kuuliza. Mtoto ni wenu.

Sasa aliye na swali na aulize.