Maneno ya mkutano: Vitu visivyofaa kumwangwa mtaroni



Tangu turudie Uvira toka kambi za Tanzania, wengi wetu tunaishi na sabuni ao na garaji. Kazi ni nzuri. Lakini jioni bidoni zinamwangwa wapi? Mtaroni. Na mtaro wetu haupiti mahali popote pa kusafisha maji. Unashuka ziwani Tanganyika, kule kule wenye hawana robine wanaenda kuchota.

Cha kwanza, maji ya soda kostiki. Yanachoma ngozi na macho. Siku ya salongo ni vijana wetu wanaingia mtaroni miguu wazi, wanatoa mchanga na mikono! Soda yenye kubakia ichungwe ndani ya bidoni ya plastiki yenye kufungwa, isaidie sabuni ya kesho. Sufuria ya aluminiamu hapana, soda inaikula.

Asidi ya betri inatoka na madini ya risasi, na ile haiozi. Inaharibu akili ya mtoto. Betri iuzwe nzima, isifunguliwe.

Mafuta ya kukarangia mandazi yanaganda na masashe, mtaro unazibana, mvua inaingia nyumbani. Wenye sabuni wanayahitaji, muwapelekee. Ya vidanji hapana: hayo yachungwe pekee, maseremala watapaka miti juu ya mchwa.

Wafadhili, kwa soda mulitupatia, aksanti. Sasa tunaomba glavu na pipa 2 zenye kifuniko, mafuta yasichanganyike. Mwenye kuzichunga tumuchague leo, mbele ya kuachana.