Takwimu ziwe wazi, jina langu lifichwe
(Maneno niliyosema kwa vijana wa Lisekese, Masasi)

 

Leo sikuja kuongelea bei ya korosho. Hiyo tunaijua wote na inatuuma wote. Nimekuja kumwongelea yule mtu anayefika na kishikwambi, anakaa chini ya mkorosho wako, anakuuliza una ekari ngapi, jana mlikula mara ngapi, namba yako ya simu je? Unajibu, anashukuru, anaondoka. Halafu? Kimya.

Hili halikuanza leo. Mwaka 1906, Maji Maji ikiwa haijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita hapahapa Masasi, akapanda mpaka Newala. Alipiga picha, akarekodi nyimbo za wazee wetu kwenye silinda za nta, vikasafiri kwenda Ujerumani. Akaandika kitabu. Walioimba wana vitukuu hapa. Nani kati yenu amewahi kuusikia hata wimbo mmoja?

Msinielewe vibaya. Utafiti si adui. Watafiti wa Naliendele walipopambana na ubwiriunga, matokeo yalirudi shambani: salfa ipulizwe lini, kiasi gani. Huo ndo utafiti tunaoutaka, unaorudi kwa mwenye shamba.

Mwingine haurudi kwa sababu wakubwa hawapendi majibu. Mnakumbuka Julai 2018? Twaweza walitangaza kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais ni asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. COSTECH wakawaandikia barua wajieleze kwa nini wasichukuliwe hatua, eti hawakuwa na kibali. Mwaka huohuo Bunge likabadili Sheria ya Takwimu: ukitoa takwimu bila idhini, au za kupinga za serikali, ni kosa la faini na jela. Watu walipiga kelele, hata Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi. Mwaka 2019 Bunge lilelile likailegeza. Kwa hiyo kelele zinafanya kazi, jamani. Msichoke.

Sasa shikeni jambo moja. Takwimu za wote ni mali ya wote. Jina la mtu ni lake. Kwetu mara nyingi mambo yamegeuzwa: ripoti imefungiwa kabatini, majina yanazagaa. Tani zilizopokelewa AMCOS na makato yaliyokatwa, yabandikwe ukutani. Ugonjwa wa mama fulani na namba yake ya simu, vifungiwe.

Na kufuta jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mjane, mwalimu mstaafu, ekari tano, Lisekese", nani hapa hamjui? Mtafiti makini anaunganisha watu wa kata nyingi, anaficha yale yanayomtambulisha mtu, ndo anawapa wenzake data wazihakiki.

Sheria ipo upande wetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Mtu akichukua taarifa zako, una haki ya kujua anazichukua kwa ajili gani.

Kwa hiyo akija, mkaribishe, mpe maji, halafu muulize maswali manne. Kibali chako kiko wapi? Taarifa zangu utazifanyia nini? Jina langu litakaa wapi na nani ataliona? Matokeo utayaleta lini, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji au mtaa? Akikosa majibu, una haki ya kusema hapana. Si ukorofi huo.

Mwisho, tusinyooshee wengine kidole peke yake. Sisi tunapita nyumba kwa nyumba kusajili wanachama. Orodha yenye jina, simu na namba ya kitambulisho cha mpiga kura haipigwi picha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp. Katika nchi ambayo kijana anaweza kusumbuliwa kwa kadi ya chama, orodha hiyo ikivuja unamweka mtu hatarini. Katibu wa tawi aitunze, aifungie, na asiyehusika asiione.

Tukishindwa kulinda karatasi ya tawi, nani atatuamini na takwimu za nchi?

 Karibuni kwa maswali, na mama zangu waanze.