Mguu wa Nyuma Kwanza: Kuboresha Nyendo za Kendo katika Mazingira ya Dakawa

Mada kwa semina ya walimu wa michezo na makocha wa michezo ya kujihami, Dakawa, Wilaya ya Mvomero, Morogoro



1. Utangulizi

Kendo ni mchezo wa upanga wa Wajapani. Upanga wenyewe siku hizi ni shinai, fimbo ya vipande vinne vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kwa ngozi na uzi. Shinai ya mwanamume mtu mzima haizidi sentimita 120 kwa urefu wala haipungui gramu 510 kwa uzito. Wachezaji huvaa bogu, yaani kinga ya kichwa, kifua, kiuno na mikono, na pointi hutolewa kwa kupiga kichwa, kifundo cha mkono au ubavu, au kwa kuchoma kooni. Uwanja ni mraba au mstatili wenye pande za mita 9 hadi 11. Shirikisho la Kimataifa la Kendo liliundwa mwaka 1970, na barani kwetu Afrika Kusini ni miongoni mwa wanachama wake.

Kwetu mchezo huu bado ni mgeni. Michezo tuliyoizoea ni karate, ambayo Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani aliifundisha Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1970 katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya Zanaki, na judo, ambayo kule Zanzibar ilipata nguvu kwa jitihada za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka. Kwa hiyo kijana wa Dakawa atakayejaribu kendo hatakuja na miguu mitupu. Atakuja na miguu iliyokwisha kufundishwa kitu kingine, na kazi ya mwalimu ni kujua amefundishwa nini.

Hoja yangu ni moja. Anayetaka kurekebisha nyendo za kendo aanze na mguu wa kushoto, ule wa nyuma, ambao mtazamaji hauangalii. Mguu huo ukinyooka, mengine mengi hujinyoosha. Nao haudai bogu wala shinai. Unadai sakafu ya kufaa na mwalimu mwenye jicho.

2. Hatua ya kendo inavyofanya kazi

Msimamo wa msingi ni huu. Miguu yote miwili inaelekea mbele, wa kulia ukiwa umetangulia. Vidole vya mguu wa kushoto viko usawa wa kisigino cha kulia, na kati ya miguu, kwa upana, ipo nafasi ya ngumi moja. Kisigino cha kushoto kimenyanyuka kidogo, sentimita mbili tatu hivi. Cha kulia kinagusa sakafu kwa wepesi, kiasi cha karatasi kupita chini yake. Uzito umegawanyika sawa kwa miguu yote miwili, na magoti hayajakazwa wala hayajakunjwa.

Mwendo unaotumika zaidi huitwa okuriashi. Kanuni yake ni kwamba mguu ulio karibu na unakokwenda ndio unaotangulia, na mwenzake unaufuata papo hapo bila kuupita. Ukienda mbele unatangulia wa kulia. Ukirudi nyuma, wa kushoto. Nyayo haziinuliwi, zinateleza juu ya sakafu, na mtelezo huo ndio suriashi.

Kinachodanganya macho ni kwamba mguu wa kulia ndio unaoonekana kusafiri. Mkulima wa mpunga wa hapa Dakawa hadanganyiki, kwa sababu anaijua trekta: magurudumu madogo ya mbele yanaelekeza, makubwa ya nyuma yanasukuma, na ya nyuma yakikwama topeni, usukani hauna msaada. Mguu wa kushoto ndio unaosukuma. Wa kulia unapokea mwili pale ulipopelekwa.

Ndiyo maana kisigino cha kushoto kinakaa juu. Kikiwa juu, shavu la mguu na kano ya kisigino vimeshavutika, kwa hiyo msukumo unatoka mara moja. Kikiwa chini, mchezaji lazima akinyanyue kwanza ndipo asukume. Hapo anapoteza muda, na bega lake hupanda kidogo, dalili ambayo mpinzani mzoefu anaisoma.

Wakati wa pigo huja fumikomi. Mguu wa kulia unapita karibu na sakafu na kutua kwa kishindo, wayo mzima kwa pamoja, shinai inapogusa shabaha na sauti ya mpigaji inapotoka. Roho, upanga na mwili viwe kitu kimoja. Wajapani huliita jambo hilo ki-ken-tai. Waamuzi ni watatu, kila mmoja ana bendera nyekundu na nyeupe, na kwa kawaida pointi inahitaji angalau wawili wakubaliane. Pigo lililofika shabaha huku mwili umebaki nyuma haliwashawishi.

3. Makosa ya kutazama

(a) Mguu wa kushoto kugeuka nje. Hili ndilo kosa la kwanza kwa karibu kila anayeanza. Vidole vikielekea pembeni, nguvu nayo inakwenda pembeni, goti linajipinda, na mwili unazunguka badala ya kwenda mbele. Usimwambie mwanafunzi ageuze vidole tu. Mwambie aelekeze goti na nyonga mbele, kwa sababu vidole vinafuata nyonga.

(b) Kisigino kupanda mno. Wengine wakishaambiwa wanyanyue kisigino, husimama kwenye ncha za vidole. Mguu unachoka upesi, na msukumo unawarusha juu. Kichwa kikipanda na kushuka kila hatua, angalia kisigino cha kushoto kabla ya kitu kingine.

(c) Mguu wa kushoto kuchelewa. Baada ya hatua miguu inabaki imeachana, mwili umeinama, na mchezaji hawezi kupiga mara ya pili wala kukwepa. Mwalimu anayesifu ukubwa wa hatua ndiye anayelea kosa hili. Hatua isifiwe kwa wepesi wa mguu wa nyuma kurudi mahali pake.

(d) Kuiba hatua. Kabla ya kupiga, mchezaji anausogeza wa kushoto hadi karibu na wa kulia, au kuupita, ili apate nguvu. Mwendo wa kusogeza wa nyuma kwanza upo katika kendo na una kazi yake mpinzani akiwa mbali. Ukifanywa katika umbali wa hatua moja, pale ambapo kila mmoja anaweza kumfikia mwenzake kwa kusukuma mara moja tu, ni sawa na kumpigia hodi.

(e) Kuinua mguu wa kulia juu na kutua kwa kisigino. Mpinzani akiuona wayo wako, umeuinua kupita kiasi. Kutua kwa kisigino huumiza mfupa wa kisigino na goti, hasa kwenye saruji. Kosa hili nalo chanzo chake ni nyuma: wa kushoto usiposukuma, wa kulia unalazimika kuruka wenyewe.

4. Miguu inayotoka michezo mingine

Mwanafunzi wa karate ya Goju-ryu amezoea sanchin: nyayo zimeishika ardhi, visigino viko chini, na mguu unaosogea unachora nusu duara. Ana uthabiti wa kiuno ambao kendo inautaka. Tatizo lake ni hiyo nusu duara na kisigino kilichobanwa. Mpe mstari wa chaki ulionyooka, afuate huo.

Mwanafunzi wa judo yuko karibu zaidi. Amezoea kuteleza bila kuinua nyayo, mguu mmoja ukifuata mwingine bila kupishana. Yeye ajifunze tu kuelekea mbele muda wote, kwa kuwa judo humtaka ageuke, na azoee kucheza bila kumshika mwenzake.

Bondia ana kanuni ileile: mguu wa karibu hutangulia, na kisigino cha nyuma kiko juu. Morogoro ni mji wa ngumi. Francis Cheka, aliyempiga Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam Agosti 2013 akatwaa mkanda wa WBF, amewafanya vijana wengi wa mkoa huu wavae glovu. Lakini bondia wa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto na kusimama ubavu, naye hurukaruka ili asiwe shabaha. Kwenye kendo ageuze miguu na aache kurukaruka, kwa sababu aliye hewani hawezi kusukuma.

Pwani ya Waswahili nayo ina elimu ya fimbo na miguu. Katika kirumbizi cha Lamu, wanaume wawili huingia duarani na fimbo zao, ngoma na zumari vikilia. Mtazamaji makini ataona kwamba fimbo inafuata miguu, na miguu inafuata ngoma. Mwalimu anaweza kuazima jambo hilo bila kununua chochote: piga ngoma taratibu, darasa liteleze kwa mapigo.

5. Sakafu

Hapa ndipo Dakawa inapotofautiana na Tokyo. Dojo ya Kijapani ina sakafu ya mbao inayonepa kidogo mguu unapotua. Sisi tuna madarasa na kumbi za saruji, yakiwemo majengo yaliyojengwa na wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini waliopewa ardhi hapa mwaka 1982 na kuondoka miaka kumi baadaye. Nje tuna nyasi, na ule udongo mzito wa mashamba ya mpunga unaopasuka kiangazi na kunata masika.

Saruji hainepi. Kukanyaga fumikomi mara kwa mara juu yake ni kutafuta maumivu ya kisigino. Kano ya kisigino cha kushoto nayo iko hatarini: katika kendo, kano hiyo ndiyo hukatika zaidi kuliko ya kulia, kwa sababu ndiyo inayovutwa kwa nguvu wakati wa kusukuma. Kwa hiyo natoa msimamo wazi: kwenye saruji tusifanye fumikomi. Tufanye suriashi, na pigo limalizike kwa hatua ya kuteleza isiyo na kishindo.

Hatupotezi kitu kwa kufanya hivyo. Kishindo huwavutia wanaoanza, nao hukitafuta kwa mguu wa kulia kabla wa kushoto haujajua kazi yake. Tukikiondoa, mwanafunzi hana pa kujificha.

Saruji ya kuchagua ni ile iliyopigwa niru. Saruji yenye chembe huchuna ngozi ya nyayo na kuleta malengelenge siku ya kwanza. Fagia vizuri, maana kokoto moja inatosha kuharibu kipindi, na kama ni ukumbi usio na paa, fanya mazoezi asubuhi. Mikeka ya judo haifai kwa suriashi, kwa kuwa vidole hunasa.

Kwenye nyasi, achana na mtelezo. Fanya ayumiashi, mwendo wa kawaida wa kupishanisha miguu. Miyamoto Musashi, mpiganaji aliyefariki mwaka 1645, aliandika kwamba kisigino kikanyage kwa nguvu na vidole viwe vyepesi, tena akaonya dhidi ya kurukaruka. Hilo linapingana na kisigino kilichonyanyuliwa cha kendo ya leo, lakini Musashi alipigana pia nje, kwenye ardhi isiyo sawa. Miguu hufuata ardhi. Kata za kendo, yaani mazoezi ya mienendo maalumu, zilizopangwa mwaka 1912, nazo zinautumia mwendo wa ayumiashi: wachezaji husogeleana kwa hatua tatu, na wakimaliza hurudi kwa hatua tano fupi. Zinafaa sana uwanja wa shule.

6. Mpangilio wa kipindi

Kwanza, kusimama. Weka kipande cha gazeti chini ya kila kisigino cha mwanafunzi. Mwenzake akivute polepole. Cha kushoto kitoke bila kugusa ngozi, cha kulia kitoke bila kuchanika. Rudia baada ya kila hatua, kwa kuwa wengi husimama vizuri hadi pale wanapoambiwa watembee.

Pili, pande nne. Mikono kiunoni, mbele, nyuma, kulia, kushoto, kwa hesabu au kwa ngoma. Hatua ziwe fupi.

Tatu, mpini. Wawili wasimame wakitazamana, kila mmoja aweke kiganja kwenye ncha ya mpini wa jembe ulio usawa wa kifua. Mmoja aongoze, mwingine afuate, mpini usianguke. Zoezi hili linafundisha umbali, nao ndio sababu ya nyendo kuwepo. Anayechelewesha mguu wa kushoto hugundulika hapohapo: mpini unaanguka.

Nne, kusukuma mara moja. Mwanafunzi asimame kwenye mstari wa chaki, asukume kwa wa kushoto tu, atue, miguu irudi kwenye msimamo. Weka alama alipofika. Asiongeze umbali mpaka miguu irudi vizuri.

Tano, fimbo. Hapa tu ndipo shinai inaingia, na bila kumgusa mtu. Tusitengeneze shinai za mianzi ya kienyeji kwa kupigana: mwanzi uliopasuka hutoa vibanzi vinavyoweza kupita kwenye nondo za kinga ya uso.

7. Kupima maendeleo

Laza simu sakafuni ubavuni mwa mwanafunzi, upande wa kushoto, urekodi kwa mwendo wa polepole. Tafuta mambo matatu: kisigino hakikugusa chini kabla ya kusukuma, vidole vilielekea mbele, mguu ulirudi kabla fimbo haijashuka. Mwanafunzi ajione mwenyewe, kwa sababu wengi huapa kwamba vidole vyao vimenyooka.

8. Mapendekezo

Ninapendekeza: (i) kila kipindi kianze na miguu kabla ya mikono, hata kwa waliobobea, (ii) fumikomi isifundishwe kwenye saruji, na anayelalamika maumivu juu ya kisigino apumzishwe siku hiyohiyo, (iii) shule zenye uwezo ziweke jukwaa dogo la mbao lililoinuliwa juu ya vipande vya kuegemeza ili linepe. Mitiki ya Mtibwa iko ndani ya wilaya hii hii, na mafundi seremala tunao. (iv) makocha wa judo na ngumi waalikwe kuongoza zoezi la mpini, kwa kuwa umbali wanaujua.

Kwa mjadala, naomba vikundi vijibu maswali mawili. Je, kituo chako kina sakafu ipi, na ni zoezi lipi kati ya haya matano unaweza kuanza nalo Jumatatu? Na wanafunzi wako wanatoka mchezo gani, ili ujue mguu wao wa kushoto umeshafundishwa nini?