Sauti ya Nani Hiyo?

Msikilizaji, kama ulisoma shule zetu za msingi, unamkumbuka monita. Mwalimu akitoka tu kwenda ofisini, monita anasimama mbele na kipande cha chaki, anaandika ubaoni "Wapiga kelele", anapiga mstari chini yake, kisha anaanza kuwinda majina. Ana miaka 11. Kaptula imechanika nyuma. Lakini msikilize anavyosema: "Wewe! Unacheka nini? Unaona una meno mazuri sana?" Hiyo si sauti ya mtoto wa miaka 11. Maneno ni ya mwalimu wa hesabu, mkono kiunoni ni wa mwalimu wa hesabu, na hata kile kikohozi kinachotangulia kemeo ni cha kwake.

Daktari wa akili Eric Berne, mzaliwa wa Montreal mwaka 1910 aliyefanya kazi yake Marekani, angemtazama monita huyu kwa raha. Berne alikuwa na mgonjwa mmoja, mwanasheria, aliyemwambia siku moja kwamba yeye kwa kweli si mwanasheria, ni mtoto mdogo tu. Kazini bwana huyu alikuwa hodari. Kwenye chumba cha tiba, mara nyingi aliongea kama mtoto kweli. Ikafika mahali Berne akimuuliza jambo, naye kabla ya kujibu anauliza: hapo unaongea na mwanasheria au na yule mtoto?

Kutokana na mambo ya namna hiyo Berne akaona kwamba ndani ya kila mmoja wetu wamo watatu. Yumo Mzazi, yaani sauti na mikao tuliyoiokota kwa wakubwa waliotulea. Yumo Mtoto, mwenye furaha, woga na kisirani kile kile tulichokuwa nacho tukiwa wadogo. Na yumo Mtu Mzima, anayetazama kilichopo mbele yake sasa hivi na kukipima. Miaka haihusiki hapa. Monita wa darasa la tano anaweza kuwa Mzazi mtupu, na mkuu wa shule aliyebakiza miaka miwili astaafu anaweza kununa wiki nzima kwa sababu hakupewa kiti cha mbele kwenye mahafali. Kiswahili kinalijua jambo hili siku nyingi. Ndiyo maana tuna msemo wa "mtu mzima ovyo".

Mwaka 1956 wakubwa wa uchambuzi wa nafsi kule San Francisco walimkatalia Berne uanachama, akaamua kwenda na njia yake. Kitabu chake cha mwaka 1964, kuhusu michezo ambayo watu huchezeana bila kukiri, kilisomwa na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kliniki. Kwa Kiswahili elimu hiyo tunaweza kuiita uchanganuzi wa miamala. Jina linanuka wakala wa kutuma pesa, lakini halikukosea sana: Berne aliyaona maongezi kama kupeana. Mimi natoa, wewe unarudisha, na kile unachorudisha kinategemea nani ndani yangu ndiye aliyetoa.

Niliyajua haya nikiwa nimeshafundisha miaka sita, na nilikuwa nimeshachapa vya kutosha.

Nilikuwa na kijana kidato cha pili, mchelewaji. Anafika saa mbili na nusu, anasimama mlangoni, hapigi hodi, anangoja nimwone. Namuuliza, "Unatoka wapi saa hizi?" Ananijibu, "Nyumbani." Darasa linacheka. Nami nilikuwa na jibu langu, nililolirithi kwa walimu walionifundisha mimi: "Kwani hapa ni kwa baba yako, uje saa unayotaka?" Siku moja akanijibu kwa upole kabisa, huku nusu ya mdomo ikitabasamu: "Baba sina, mwalimu." Darasa zima likapiga "Eeeeh!" Nikashika fimbo.

Tuutazame mchezo huo kwa macho ya Berne. Nilipouliza "unatoka wapi", sikuwa nataka kujua anatoka wapi. Swali lilivaa nguo za Mtu Mzima, ndani yake amekaa Mzazi. Kijana alilisikia lile la ndani, akanijibu kwa Mtoto mkaidi, naye akaazima nguo hizo hizo, kwani "nyumbani" ni jibu sahihi. Wote wawili tulijua tunachofanya, na wote wawili tungekana. Mwisho kila mmoja alivuna chake: mimi ushahidi kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, yeye ushahidi kwamba walimu ni wakatili, na wenzake sinema ya bure.

Swali lililonisumbua ni hili: kwa nini alirudi? Fimbo inauma. Kesho yake yuko mlangoni tena saa mbili na nusu.

Berne alisema binadamu ana njaa ya kutambuliwa, njaa hasa, kama ya chakula. Salamu ni tonge. Tunapoingia darasani, wanafunzi wakasimama wakasema "Shikamoo, mwalimu", nasi tukaitika "Marahaba, hamjambo?", tumelishana tonge moja moja na siku inaweza kuanza. Lakini mwenye njaa hachagui. Asiyepata tonge tamu atalikubali chungu kuliko kulala bila kitu. Sasa sikiliza: jina la Kiingereza ambalo Berne alilipa tonge hilo, "stroke", lina maana mbili, kupapasa na pigo moja la fimbo. Ndilo neno lile lile lililomo katika kanuni zetu za Tanzania Bara za mwaka 2002, zinazosema adhabu isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Ukimsoma Berne ukiwa na kanuni hizo mkononi, unaona kijana wangu alikuwa anakuja kuchukua matonge yake manne. Hakuna mtu mwingine pale shuleni aliyekuwa akimtazama usoni kila siku. (Kama nilikuwa na hayo maandishi ya mkuu wa shule, hilo ni swali jingine, na nashukuru halikuulizwa.)

Nilibadilisha kitu kimoja tu. Alipofika nikasema, "Kaa. Tupo ukurasa wa 34. Kengele ikilia tuonane nje." Nikageukia ubao. Aliendelea kusimama kidogo, kama mchezaji aliyeingia uwanjani akakuta hakuna mpira. Nje, watazamaji hawapo, nikauliza kwa kutaka kujua kweli: asubuhi kuna nini? Bibi yake anapika maandazi. Yeye anayapeleka kwenye vibanda vya stendi kabla ya shule, na vibanda visipofunguliwa mapema anavingoja, maana akirudi na ndoo iliyojaa hakuna hela ya siku. Baba kweli hakuwa naye.

Usidhani baada ya hapo aliwahi. Aliendelea kuchelewa, siku mbili au tatu kwa wiki, ila alipiga hodi na kukaa. Ule mchezo wa mlangoni ulikufa. Mwaka mzima wa viboko haukunipa hata hicho.

Nisikuuzie dawa ya magonjwa yote. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 80 na zaidi, na matonge hayafiki kote. Ijumaa kipindi cha mwisho Mzazi wangu alikuwa anarudi mwenyewe bila kuitwa. Wala Mzazi si adui. Wawili wakishikana mashati na mmoja ana bikari mkononi, hujadiliani, unapaza sauti. Tena yuko Mzazi mwingine, anayelea, anayeuliza kama umekula. Kinachonitisha zaidi ni darasa lile tunalolisifu, linalotulia kama maji mtungini. Kwa Berne mtiifu wa woga na mkaidi ni ndugu wa tumbo moja, wote ni Mtoto anayeishi kwa kutazama uso wa mwalimu. Ndiyo maana mwalimu akivuka kizingiti tu, mtungi unapasuka na tunamhitaji monita na chaki yake. Na kuondoa fimbo pekee hakutoshi: wenzetu wa Kenya waliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Mdomo wa mwalimu haumo katika marufuku hiyo, wala sioni sheria itakayouweza.

Yule kijana alipanda kidato cha tatu. Wenzake wakamchagua monita, nami niliposikia nilifurahi kama mzazi, hapo kwa herufi ndogo. Wiki ya pili ya muhula nilikuwa napita kwenye veranda kwenda ofisi ya walimu. Darasa lao halikuwa na mwalimu. Msichana mmoja alikuwa amesimama mlangoni, amechelewa, begi kifuani. Na kutoka mbele ya darasa nikasikia, kwa kituo kile kile na mkato ule ule: "Kwani hapa ni kwa baba yako?"

Sauti ilikuwa yangu.